UZI: Doria ya usiku – kifaa cha kuonea gizani kiende kwenye kofia au kwenye bunduki?

#1 Kisima_cha_Taita
Salaam wadau. Kuna hifadhi ya jamii huko Taita Taveta, manunuzi yake yanafanyika hapa Mombasa. Zamu moja ya usiku ni watu 8: wanne ni askari wa akiba wa polisi wenye bunduki za serikali, wanne hawana silaha. Fedha iliyopo inatosha vifaa vitatu vya tyubu (vile vinavyokuza mwanga hafifu wa usiku) vya hali ya kati, au kimoja cha tyubu na kamera mbili za joto (zinazoona joto la vitu, si mwanga). Kuna wanaoshikilia kwamba vyote vifungwe juu ya bunduki. Msimamo wangu ni kofia kwanza.

La pili: wenzetu wa hifadhi moja upande wa Kwale, karibu na bahari, walinunua mwaka jana na sasa wanalalamika picha ina ukungu. Nataka kulielewa hilo kabla ya kulipa.

#2 Mbaamwezi
Kofia, bila kusita. Kifaa kikiwa juu ya bunduki, kila unachokitazama umekilenga. Mchungaji anayetafuta ng'ombe aliyepotea, mwenzako aliyetangulia mbele kukojoa, mama anayerudi kutoka kisimani, wote utawaangalia kupitia mtutu. Doria ya usiku ni saa nane za kutazama na pengine hakuna hata sekunde moja ya kulenga. Tena kifaa cha kofia anaweza kukivaa asiye na silaha, na hao kwenu ni nusu ya kikosi.

Nunua PVS-14 tatu, vile vifaa vya tyubu vya jicho moja, umalize. Zote ni Gen 3, yaani tyubu za kizazi cha tatu.

#3 Tandaraza
Nakubali sehemu ya kwanza ya #2, lakini mwenye bunduki atalenga vipi? Amevaa kifaa jichoni, akiegemeza shavu kwenye kitako kifaa kinagonga darubini ya bunduki. Hilo ndilo huwashinda wengi siku ya kwanza.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kilengeo cha nukta nyekundu chenye viwango vya mwanga vya usiku, kikiinuliwa juu ya reli. Vishikizo vya kuinua viko vya inchi 1.93 na 2.26, yaani karibu milimita 49 na 57, ili shingo isimame wima na kifaa kipite nyuma ya kilengeo. Kama kilengeo hakina viwango vya usiku, nukta itawaka kama tochi na kufunika unachotaka kukiona. Ya pili ni leza ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho matupu) kwenye bunduki. Ya tatu ni kifaa cha kufunga mbele ya darubini ya mchana.

Kuhusu leza: jangili mwenye kifaa cha kidijitali cha kuonea usiku cha bei nafuu anaiona kama mstari uliochorwa hewani kutoka kwenu hadi kwake, na taa ya infraredi vilevile. Mkiweza kufanya kazi bila kuwasha chochote, fanyeni hivyo.

#4 FundiLenzi_Makupa
Mbaamwezi, hapo kwenye "zote ni Gen 3" nakurekebisha. PVS-14 ni nyumba tu. Ndani yake hukaa tyubu ya milimita 18, na muuzaji anaweza kuiwekea tyubu ya Gen 2+ ya Photonis ya Ufaransa, ya Gen 3 ya L3Harris au Elbit ya Marekani, au tyubu chakavu iliyotolewa kwenye kifaa kingine. Nyumba ina jicho moja, haikuzi, inaona nyuzi 40, inatumia betri moja ya AA na ina uzito wa gramu 350 na kitu. Hayo hayabadiliki. Picha inategemea tyubu.

Tyubu ina mambo matatu: fotokathodi inayogeuza mwanga kuwa elektroni, bamba lenye mamilioni ya vijitundu linalozizidisha hizo elektroni, na skrini ya fosfa inayozigeuza kuwa mwanga tena. Gen 1 haina lile bamba, ndiyo maana inalilia taa ya infraredi karibu kila usiku. Msiiguse. Gen 2 ina bamba. Gen 3 ina bamba pamoja na fotokathodi ya galiamu asenaidi, inayokamata vizuri zaidi mwanga ule wa anga usioonekana kwa macho.

Sasa FOM, namba wanayoipigia debe wauzaji. Ni kuzidisha tu: jozi za mistari kwa milimita (yaani ukali wa picha), mara uwiano wa picha dhidi ya chenga. 64 × 25 ni 1600. 80 × 20 nayo ni 1600. Hizo si tyubu sawa hata kidogo! Usiku wa mwezi mpevu, wenye laksi (kipimo cha mwanga) 0.1 na zaidi, ile ya mistari 80 itakupendeza. Usiku wa nyota tupu, karibu laksi 0.001, au chini ya miti ambako ni pungufu ya hapo, ile yenye uwiano wa 20 itajaa chenga na mistari yake yote haina kazi. Kwa porini tafuteni uwiano wa 28 au 30 kwanza, mistari baadaye.

Daini karatasi ya vipimo yenye nambari ileile iliyo kwenye tyubu. Hakuna karatasi, hakuna biashara.

#5 Kijana_wa_Stegi
Wakubwa, na hizo kofia? Si bora kufunga kwenye helmeti ya bodaboda? Ziko tele Mwembe Tayari.

#6 BintiBamburi
@Kijana_wa_Stegi yakhe, hiyo itamvunja mtu shingo kabla jangili hajamfikia 😄 Helmeti ya boda inaziba masikio, askari hasikii hatua wala tawi likivunjika. Ganda lake halikutengenezwa kushika skrubu. Na joto la pwani unalijua mwenyewe.

Kinachofaa ni kofia nyepesi ya kuzuia kugonga kichwa, ile isiyozuia risasi, yenye bamba la mbele la kufungia kifaa. Uzito wake ni karibu nusu ya ile ya kuzuia risasi. Kama kikosi kina hatari ya kupigwa risasi waziwazi hayo ni mazungumzo mengine, lakini kwa mtu anayetembea kilomita 12 usiku, shingo ndiyo inayotangulia kuchoka.

Kufunga kwenyewe hufanyika mchana, mezani, si gizani. Vaa kofia tupu kwanza, kaza mkanda wa kidevu, tikisa kichwa mbele na nyuma. Ikicheza, badilisha sponji za ndani kabla hujagusa kifaa. Kisha funga bamba. Yako ya tundu moja na ya matundu matatu, na kishikizo cha kimoja si lazima kikae kwenye kingine; uliza kabla ya kulipa. Skrubu zitiwe gundi ya skrubu, tone moja, zikazwe kwa mkono bila kutumia nguvu zote. Baada ya hapo ndiyo unaweka mkono wa kishikizo na kifaa. Angalia ule ulimi wa kuunganishia: kuna wa mkia wa njiwa na kuna wa pembe. Mtu ananunua kishikizo cha mkia wa njiwa na mkono wa pembe, kisha anabaki na vyuma viwili visivyojuana.

Nyuma ya kofia weka uzito. Anza na gramu 250, ongeza polepole mpaka kofia isivute paji la uso. Betri za akiba kwenye kifuko cha nyuma zinafaa kuliko kubeba vipande vya madini ya risasi bure.

#7 Mbaamwezi
Asante Fundi kwa #4, nimeelewa. Nimekubali kosa.

Nyongeza kwa #6: wengi hawajui kulenga lenzi, na hapo ndipo "kifaa kibovu" kingi huzaliwa. Lenzi ya jicho ndiyo huanza. Tazama ukuta wa giza, zungusha mpaka zile chenga zenyewe ziwe kali kama punje za mchanga. Usiiguse tena. Sasa tazama nyota, zungusha lenzi ya mbele mpaka nyota iwe nukta. Ukianza na ya mbele utazunguka usiku kucha, macho yatauma, na utarudisha kifaa dukani kikiwa hakina kasoro.

#8 NahodhaWaKibokoni
Mnaisahau kamera ya joto. Baharini tyubu inasumbuliwa na taa za bandari, kamera ya joto haijali taa wala mwezi. Mtu majini anaonekana kichwa kama punje ya mahindi iliyochomwa. Ningeanza na kamera mbili za joto na tyubu moja. Na kwa gari la doria inafaa pia, unatazama kupitia kioo cha mbele bila kushuka.

#9 FundiLenzi_Makupa
Nahodha, kioo hapana. Kamera hizi zinasoma mawimbi ya mikroni 8 hadi 14, na kioo cha gari ni ukuta kwa mawimbi hayo. Utaona joto la kioo na sura yako mwenyewe. Lenzi zake si za kioo, ni za germaniamu (elementi ya kemia), ndiyo maana bei haishuki. Shusheni kioo au toeni kichwa nje.

#10 Tandaraza
Na kamera ya joto inakuambia "pana kitu", haikuambii "ni nani". Hesabu hii ifanyeni kabla ya kuamini kile kilichoandikwa kwenye boksi. Vipimo vya John Johnson, mtafiti wa Marekani, vya mwaka 1958, vikigeuzwa kuwa pikseli, ni karibu 2 kugundua kitu, 8 kujua ni kitu cha namna gani, 13 kukitambua hasa.

Chukua kamera ya pikseli 640, kila pikseli mikroni 12, lenzi ya milimita 35. Gawa 12 kwa 35: pikseli moja inafunika sentimita 34 kwa umbali wa mita 1000. Mtu mwenye upana wa nusu mita anapata pikseli 2 akiwa mita 730 hivi, pikseli 8 akiwa mita 180, pikseli 13 akiwa mita 112. Boksi litaandika "mtu, mita 1800". Hiyo ni hesabu ya kumwona mtu mzima kwa urefu wake, katika hewa kavu, na kwa maana ya nukta tu.

Kwa hiyo kamera ya joto iwe mkononi, kwa mmoja wa wale wasio na silaha. Yeye agundue, wenye tyubu watambue. Kuiweka kwenye bunduki kama jicho la pekee ni kumruhusu mtu afanye uamuzi mkubwa kwa kutazama pikseli 8.

#11 NahodhaWaKibokoni
Sawa kwa kioo, nimerekebishwa. Ila kwa ajili ya #10 nasema hewa ya huku si ya Taita. Mvuke wa maji unakula mawimbi ya joto. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 85 imebeba karibu gramu 20 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 yenye asilimia 60 ina kama gramu 10. Kamera ileile, nusu ya mvuke. Mwenye kuijaribu Nyali ufukweni atadhani ni mbovu, akipanda nayo Voi atasema ni mpya.

#12 Mbaamwezi
Na usisahau ile saa ya magharibi na ya alfajiri, wakati mawe, miti na wanyama vinakaribiana joto. Picha inakuwa uji. Vichuguu navyo hukaa na joto la jua mpaka usiku mkubwa, vinafanana na nyati aliyelala.

#13 Karani_Kilindini
Kwa upande wa kuagiza, muhimu kuliko bei. Vifaa vya tyubu kutoka Marekani viko chini ya ITAR, sheria zao za kudhibiti usafirishaji wa vifaa vya kijeshi nje, kundi la XII. Havitoki bila leseni ya kusafirisha nje, na leseni hutaja mtumiaji wa mwisho. Mtu akikuambia "nina ndugu atakuja nayo kwenye sanduku la nguo", anamtia ndugu yake kwenye kesi ya jinai huko, na wewe unabaki na kitu kisicho na karatasi huku. Tyubu za Ulaya nazo zina vibali vyao.

Hapa Kenya, chochote cha kufungwa kwenye bunduki kitaleta maswali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bunduki za akiba ni mali ya serikali, msizifunge hata reli bila idhini ya maandishi ya mkuu wa polisi wa eneo. Na kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, huwezi kuandika "kwa ajili ya uwindaji" kwenye fomu kama wafanyavyo wengine ughaibuni. Andikeni ulinzi wa wanyamapori, muambatishe barua.

Kamera za joto za fremu 9 kwa sekunde zina masharti mepesi zaidi ya kusafirishwa kuliko za 25 au 50. Lakini kwa 9, ukigeuza kichwa picha inaruka. Kwa kushika mkononi mahali pamoja inavumilika.

#14 Kisima_cha_Taita
Shukrani kubwa. #13 imeniokoa. Kwa kofia na bunduki nimeanza kuona njia. Turudi kwenye ukungu wa wale wa Kwale. Maelezo yao: jioni ya kwanza baada ya kutoa kifaa, picha imepauka, kama pazia jembamba la maziwa. Vifaa viwili kati ya vitatu. Viko na miezi 14.

#15 FundiLenzi_Makupa
Unyevu umeingia ndani. Nyumba hizi hujazwa nitrojeni kavu na kufungwa kwa oringi (pete za mpira za kuziba). Mtu akifungua kifuniko cha betri kila siku na vidole vyenye chumvi, oringi inakauka na kupasuka. Hewa ya bahari inaingia, na usiku ukipoa mvuke unageuka umande kwenye lenzi upande wa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Dawa ni kufungua, kukausha, kubadilisha oringi, kuzipaka grisi ya silikoni kidogo sana, na kujaza nitrojeni upya kupitia skrubu ya kutolea hewa.

#16 Tandaraza
Sidhani. Kifaa chochote kinachotoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20 kwenda nje nyuzi 27 kitapata umande kwa nje, dakika 15 ukipangusa umekwisha. Waulize kama wanavihifadhi ofisini. Lakini kama pazia linabaki usiku kucha, nashuku tyubu yenyewe. Fotokathodi hutoa elektroni chache hata gizani kabisa, kwa sababu ya joto tu. Mwanga huo wa tyubu yenyewe hupimwa kiwandani kwenye joto la maabara, kikomo cha kawaida ni mikrolaksi 0.25. Joto likipanda nao unapanda. Kifaa kilichoshinda kwenye gari juani Diani, kikiwashwa saa moja jioni bado ni moto kama chungu. Lazima kipauke.

#17 BintiBamburi
Mimi nasema kuvu. Pwani lenzi za kamera zinaota kuvu kabatini, kwa nini hizi zisiote? Miezi 14 ndani ya mfuko wa kitambaa wenye jasho inatosha na kubaki. Ukimulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni, kifaa kikiwa kimezimwa, utaona nyuzinyuzi kama za buibui.

#18 NahodhaWaKibokoni
Betri je? Alkalini zikivuja, spring inaota kijani, umeme unafika nusu. Nishaona vifaa vinafunguliwa mpaka mifupa na tatizo lilikuwa chumvi kwenye spring. Litiamu hazivuji ovyo namna ile, na zitolewe kifaa kikiwekwa.

#19 FundiLenzi_Makupa
Betri dhaifu hailiti pazia, Nahodha. Inaleta kuwakawaka au kuzima. Ila kusafisha spring si kazi ya bure, wafanye.

Tandaraza, hoja yako inapimika. Waingie chumba cha giza totoro, kifuniko cha mbele kikiwa kimefungwa, kifaa kimewashwa. Skrini iking'aa kijivu bila mwanga wowote kuingia, ni tyubu na joto lake. Ikiwa nyeusi, kisha pazia litokee pale tu wanapotazama upande wenye taa, ni lenzi au unyevu. Na kama kuna doa, wazungushe lenzi ya mbele huku wakitazama: doa likizunguka nayo liko kwenye lenzi hiyo. Likizunguka na lenzi ya jicho liko huko. Lisipohama, liko kwenye tyubu.

#20 Mbaamwezi
Kabla hawajapima: je, mchana wanakifunika? Kile kitundu kidogo kwenye kifuniko ni cha kufanyia mazoezi mchana, si ruhusa ya kutazama jua. Otogeti, ule mfumo wa tyubu kujipunguza yenyewe mwanga ukizidi, inaikinga tyubu na taa za gari zinazopita, haiikingi na mtu aliyeisahau imewashwa juu ya meza yenye jua, wala na leza. Tyubu iliyochomwa hubaki na kivuli cha kile ilichokuwa ikikitazama.

#21 Kisima_cha_Taita
Wamepima jana usiku, wamenitumia majibu. Kifaa A: kifuniko kimefungwa, skrini inang'aa kidogo, kikakaa saa mbili chumba cha baridi, mng'ao ukapungua lakini haukuisha. Kifaa B: kifuniko kimefungwa, nyeusi kabisa, kikielekezwa upande wa taa za hoteli, pazia. Nyuzinyuzi za buibui hakuna kwa vyote. Spring za betri zina kijani kwa vyote viwili, na kile cha tatu kisicho na tatizo.

#22 Tandaraza
A ni joto la tyubu. Omba karatasi yake ya vipimo, pengine iliuzwa ikiwa tayari juu ya kikomo.

#23 FundiLenzi_Makupa
Au karatasi ilikuwa sawa na tyubu imechoka, hayo mawili huwezi kuyatenganisha bila kipimo cha sasa. B nashikilia unyevu. Ifunguliwe mahali pakavu, si kwenye benchi la ufukweni.

#24 BintiBamburi
Kuvu changa haionekani kwa tochi ya simu. Tumieni tochi kali yenye miale myembamba, mulika kwa ubavu, mtazame tena B.

#25 Kisima_cha_Taita
Nitawaambia warudie. Kwa upande wetu: tyubu moja ya kofia yenye uwiano wa 28 kwenda juu, kamera mbili za joto za kushika mkononi, kofia nne nyepesi, masanduku yasiyopitisha hewa yenye vifuko vya silika vya gramu 50. Bunduki hazifungwi kitu mpaka barua ya polisi irudi. Karani, ile barua ya mtumiaji wa mwisho inaandikwa na hifadhi au na kaunti?

#26 Karani_Kilindini
Hifadhi ndiyo mtumiaji, hifadhi iandike. Kaunti iambatishe ya kuwatambua. Nambari za tyubu ziwemo kwenye barua, siyo nambari za nyumba tu, Fundi ameshaeleza kwa nini.